Marahaba ya Akiba

Nchi yenyewe siitaji jina. Si kwamba naogopa. Kwa umri huu nitaogopa nini tena? Ni kwamba kila nikiitaja, wenyewe husema, "Hapana Bibi, hiyo ni ya jirani," na majirani nao husema vivyo hivyo. Basi iwe nchi tu. Ina bendera, ina wimbo, na ina uwanja wa michezo wenye paa upande mmoja, upande wanaokaa viongozi, maana wataalamu waligundua kwamba mvua huwanyeshea zaidi wenye madaraka.

Kazi yangu pale uwanjani ilikuwa kushona namba za kifuani kwenye fulana za wakimbiaji. Kitambaa cheupe, namba nyeusi, mishono kumi na minne kila upande. Ikipungua hapo, kitambaa hupeperuka kikampiga msichana kidevuni. Zamani tulishona majina. Namba zilikuja siku Kamati ilipoondoa upendeleo.

Upendeleo uliondolewa hivi. Watu walinung'unika kwamba timu ya taifa inachaguliwa kwa undugu. Mheshimiwa Kingwaba, Mwenyekiti wa Kamati ya Haki na Mbio, akaita waandishi wa habari, akasafisha koo mara tatu, akasema:

"Kuanzia leo, Kamati haimjui mtu! Haimjui kwa jina, haimjui kwa sura, haimjui kwa ukoo. Kamati inaijua namba. Namba haina shangazi. Namba haina shemeji. Atakayebainika kumtambua mkimbiaji kwa sura yake, nikiwemo mimi mwenyewe, atachukuliwa hatua kali!"

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga mkono mmoja kwenye goti, wa pili ulikuwa na sindano.

Siku hiyohiyo nikashona namba ishirini na tisa kwenye fulana ya mjukuu wangu Zawena, na namba moja kwenye fulana ya Dafrosa, mdogo wake mke wa Mheshimiwa. Namba moja iliombwa kwa barua yenye mhuri.

*

Zawena nimemlea mimi. Namwita mke mwenza, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wa kike, naye hunijibu, "Mume wetu kafa zamani, Bibi, sasa tugombanie nini?" Ana miaka ishirini. Anafanyia mazoezi kwenye barabara ya vumbi nyuma ya kiwanda cha pamba kilichofungwa, kwenda na kurudi, mpaka nywele zinakuwa nyekundu.

Michezo mikubwa ya mataifa huja mara moja kwa miaka minne, na nafasi yetu ya mita mia kwa wanawake ni moja tu. Mara iliyopita alishinda, akaambiwa bado mdogo, aende akakue kwanza. Basi akakua.

"Bibi," aliniambia nikimpimia fulana, "nikikosa na safari hii, nitakuwa nimezimaliza mbio zangu zote kwenye lile vumbi."

"Simama wima, nisikuchome."

Nilishaona michujo mingi.

Sasa, Zawena huanza mbio kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Hatua kumi za mwanzo anasitasita. Halafu ni kama amekumbuka kwamba hakusahau kitu, na hapo hata macho hayamfikii. Dafrosa yeye huanza mapema, kabla ya filimbi, kwa kuwa mpuliza filimbi ni mtu wa Kamati, na hupuliza akishamwona ameondoka. Kwa hiyo nusu ya kwanza namba moja alikuwa mbele peke yake, na viongozi wamesimama chini ya paa wanashangilia. Nusu ya pili namba ishirini na tisa akampita mpaka kile kitambaa changu kifuani kwa namba moja kikainuka, pamoja na mishono kumi na minne.

Sekunde kumi na moja na nukta nne. Dafrosa alifika kwa kumi na saba, akaketi chini akiomba maji.

Tulidhani yamekwisha.

*

Nusu saa baadaye Mheshimiwa Kingwaba alisimama na karatasi.

"Ndugu wananchi, namba ishirini na tisa amefika mbele. Hilo Kamati hailibishi. Kamati ni ya haki. Swali letu ni dogo tu: amefikaje mbele? Namba moja ni mtu mzima wa miaka thelathini na minane, mama wa watoto watatu. Namba ishirini na tisa ni binti wa miaka ishirini. Alipompita mkubwa wake pale mita ya hamsini na tano, je, alimwamkia?"

Nikajiuliza namba imezaaje watoto watatu.

"Alimwamkia?" akarudia.

"Mheshimiwa," Zawena akasema, jasho linamtoka bado, "nilikuwa nakimbia."

"Nani hakimbii katika dunia hii, binti yangu? Mimi nakimbia huku na huku kwa ajili ya taifa, na asubuhi nilimwamkia mama yangu."

Wazee waliokuwa jukwaani wakatikisa vichwa kukubali. Na kweli, hakuna kati yetu aliyelelewa kumpita mkubwa njiani kimya kimya, kama kuku. Hata mimi, Mungu anisamehe, kichwa kilitaka kutikisika.

Matokeo yakafutwa. Kamati ikajifungia siku mbili, ikatoka na Kanuni ya Heshima Njiani. Kanuni ilisema mdogo asimpite mkubwa katika mbio bila kusema shikamoo, na akishasema asipite mpaka aitikiwe marahaba. Ikasema wakubwa watangulie hatua kadhaa mbele ya mstari wa kuanzia, kwa umri wao. Ikasema pia kwamba wakubwa wakiwa zaidi ya mmoja, salamu itaitikiwa na aliye mkubwa kuliko wote kwa niaba ya wenzake, kama ilivyo barazani. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, ikasema mchujo uko wazi kwa kila raia bila ukomo wa umri. Kipengele hicho kilipita bila mjadala, kwa sababu kulikuwa na namba fulani iliyokwisha kuvuka umri.

*

Mbio zikarudiwa. Safari hii Dafrosa alipangwa hatua nne mbele. Zawena akasitasita kama kawaida yake, akakumbuka kama kawaida yake, na ilipofika mita ya arobaini yuko nyuma ya bega la Dafrosa.

"Shikamoo!" akasema.

Dafrosa kimya.

"Shikamoo, Mama!"

Dafrosa kajaza maji mdomoni. Anatazama mbele tu, anakimbia mwendo wa mtu anayewahi kuanua nguo.

"Shikamoo, Mama Mkubwa! Shikamoo tena!"

Nyuma ya Zawena wakafika wasichana wengine sita, nao wakaanza kuamkia. Uwanja mzima ulikuwa shikamoo, shikamoo, shikamoo, kama msiba umeingiliwa na wageni. Wamejipanga nyuma ya yule mama kama watu wanaongoja mgao wa sukari. Mita ya themanini Dafrosa akasimama kufunga kamba ya kiatu. Wasichana saba wakasimama nyuma yake, wanahema. Hakuna aliyethubutu kupita. Mwamuzi alikuwa na bendera nyekundu mkononi.

Akamaliza kufunga kamba, akavuka mstari. Sekunde ishirini na sita.

"Mbio zenye nidhamu kuliko zote katika historia yetu!" Mheshimiwa alisema kwenye kipaza sauti.

Zawena hakulia. Alikuja akaketi karibu na kikapu changu cha nyuzi, akaanza kuokota vipande vya uzi chini, kimoja kimoja, akivipanga gotini.

"Bibi, nimeamkia mara kumi na moja."

"Nilihesabu kumi na mbili."

"Kumi na mbili basi."

Lakini Kamati ni ya haki. Ilitoa siku saba kwa yeyote mwenye pingamizi, na mchujo wa mwisho, wa kuthibitisha mshindi, ukawekwa siku ya nane.

*

Siku ya tatu nilikwenda ofisini kwa Mheshimiwa. Nilikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili mpaka saa nane. Karani alipita na chai mara tano, na mara zote tano aliniamkia, nami nikamwitikia mara zote tano, ndipo likanijia wazo nisilokwenda nalo.

"Karibu, Mama. Shikamoo," alisema Mheshimiwa nilipoingia hatimaye.

Sikuitikia. Nilikuwa natafuta miwani mkobani.

Alikuwa ameinama nusu, mkono umenyooka, hawezi kukaa kabla sijamjibu. Nikatoa leso. Nikatoa vidonge vya magoti. Nikatoa miwani, nikaifuta upande mmoja, halafu upande wa pili.

"Marahaba, baba," nikasema. "Kaa, usisimame bure. Nimekuja kuchukua fomu."

"Fomu ya nini, Mama?"

"Ya mchujo. Mita mia."

Alicheka mpaka akashika meza. "Mama una miaka mingapi?"

"Sabini na moja."

"Na unataka kukimbia?"

"Kukimbia au kutembea, karatasi yenu haikusema. Imesema kila raia, bila ukomo wa umri. Au nimesoma vibaya? Macho haya, baba."

Akaichukua Kanuni, akaisoma. Akafika kwenye herufi ndogo. Nadhani hapo ndipo kicheko kilipokwisha, ila waandishi wa habari wawili walikuwa mlangoni wakingoja taarifa kuhusu haki, akaona atie sahihi tu.

"Lakini Mama," alisema akigonga mhuri, "wewe si ndiye bibi yake yule…"

"Yule nani, Mheshimiwa?"

Akafunga mdomo. Kamati haimjui mtu.

Nikajishonea namba arobaini.

*

Siku ya mchujo nilivaa fulana juu ya gauni, nikajifunga kanga kiunoni, na chini viatu vya mpira. Walinipanga hatua kumi mbele ya mstari. Dafrosa aliwekwa hatua sita nyuma yangu, na wasichana nyuma kabisa. Jukwaani watu walipiga vigelegele. "Bibi, usituache!" akapaza sauti mmoja. "Bibi, gia ya pili!" mwingine.

Filimbi ikalia. Mimi nikaondoka na mguu wa kulia, kwa bismillahi, mwendo wa kwenda dukani.

Nyuma nikasikia vishindo, halafu sauti saba kwa pamoja, maana nilikuwa nimewafundisha:

"Shikamooni!"

"Marahaba!" nikajibu, sijageuza hata shingo. Nimejibu kwa niaba yangu na ya Dafrosa, kama ilivyo barazani. Wakatupita wote saba. Zawena alipita kulia kwangu, na upepo wake ukanifungua kanga. Nikasimama kuifunga.

Ndipo Dafrosa akanifikia.

"Shikamoo, Bibi."

"Hujambo, mwanangu? Nyumbani wote wazima?"

"Wazima, Bibi. Shikamoo."

"Na yule mtoto wako wa mwisho, aliyekuwa na surua?"

"Kapona, namshukuru Mungu. Shikamoo, Bibi."

Nilikuwa na maswali mengine mengi, nilishayapanga tangu juzi. Lakini nikamtazama usoni. Midomo imekauka, mkono uko kiunoni, goti moja limefungwa kitambaa.

"Bibi," akanong'ona, "nakuomba, usiitikie haraka. Acha nipumue kwanza."

"Ulikuja kufanya nini huku, mwanangu?"

"Shemeji alinikuta nakaanga maandazi. Akasema dada yako anataka uende ukaitangaze familia. Nikasema sijakimbia tangu darasa la saba. Akasema mbio utaziachia Kamati." Akafuta jasho. "Ile siku aliniambia nisiitikie. Bibi, watoto wa watu wananiamkia mara kumi, mimi kimya. Mama yangu alivyonilea! Mpaka leo nikiamkiwa sokoni nashtuka."

Nikamshika mkono. Tukaenda pamoja taratibu, tukizungumzia surua na bei ya mafuta ya kukaangia, na kule mbele Zawena alikuwa keshavuka, kakaa kwenye nyasi. Sekunde kumi na moja na nukta tatu. Sisi tulitumia dakika sita na sekunde kumi na mbili. Karibu na mstari nilijikwaa, mguu wangu ukatangulia.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia tulipokwisha vuka.

*

Kamati ilikaa tena. Mheshimiwa alitoka na uso wa mtu mwenye huzuni kubwa kwa ajili ya taifa.

"Tumesikiliza kanda ya sauti. Ile marahaba ya namba arobaini kwa wale saba ilitoka haraka kupita kiasi. Wataalamu wanasema marahaba ya haki huchukua muda. Ile ilikuwa marahaba ya kindugu! Na undugu, katika nchi hii, hatutauvumilia!" Alisema hivyo huku mkewe, dada yake Dafrosa, amekaa nyuma yake na mwavuli. "Kwa hiyo wote saba waliofaidika na marahaba hiyo wameondolewa."

"Wamebaki nani?" akauliza mwandishi mmoja.

"Wamebaki namba moja na namba arobaini."

"Na nani alitangulia?"

Mheshimiwa akamtazama Dafrosa. Dafrosa akatazama viatu vyake, kisha akainua kichwa. "Bibi kanitangulia," akasema. "Na sikumpita, kwa kuwa hakuwa ameniitikia. Mimi nina adabu, Shemeji."

Neno lile shemeji lilianguka mbele ya waandishi wote, puu. Hakuna aliyeliokota.

Basi nikawa mimi mkimbiaji wa taifa. Ikatangazwa redioni: mita mia wanawake, namba arobaini, dakika sita na sekunde kumi na mbili, na msomaji akasema ni muda wa kutia moyo. Majirani walikuja kunipongeza. Zawena naye alikuja, akanipigia goti kwa utani, "Hongera, mke mwenza. Umeninyang'anya mume, sasa umeninyang'anya na mbio." Alitaka kucheka. Sauti haikufika mwisho.

Nikamwambia alete fulana yake.

Kufumua ni rahisi kuliko kushona. Mishono kumi na minne mara nne, unaanza pembeni, unavuta uzi mmoja, yote inakuja. Ishirini na tisa ikatoka, arobaini ikaingia. Yeye alikaa karibu akinitungia sindano.

Uwanja wa ndege, ofisa alikuwa na orodha yenye namba tu. "Namba arobaini?"

"Nipo," akasema Zawena.

Ofisa akasoma kifua. "Arobaini. Pita."

Mheshimiwa Kingwaba alikuwa hatua tatu pembeni. Aliona. Alifungua mdomo, akaona waandishi, akaufunga. Kusema "huyu siye" kungekuwa kukiri kwamba anamjua mtu kwa sura. Akampungia namba arobaini bendera ndogo.

*

Mbio tulizitazama kwenye televisheni ya ofisi ya kata, watu hamsini na viti kumi. Dafrosa alikaa karibu yangu, kaja na bakuli la maandazi.

Wasichana wanane kwenye mstari, watatu wa mbele wanasonga kwenye hatua ya pili. Mlio ukalia. Zawena akasitasita. "Kumbuka, kumbuka," nikasema. Akakumbuka. Alimpita wa kwanza, akampita wa pili, wa tatu, wa nne. Watu walisimama mbele yangu, nikawa natazama katikati ya mabega. Mbele yake walibaki watatu, na aliyekuwa karibu naye alikuwa mama mtu mzima, kafunga kilemba kidogo. Mtangazaji alikuwa ameshasema ana miaka thelathini na saba na watoto wawili.

Zawena akamfikia bega.

Nikaiona midomo yake. Hakuna mwingine pale ofisini aliyeona, labda Dafrosa tu, maana alinishika mkono ghafla. Midomo ilifunguka, ikafunga, na mwili wote ukangoja. Muda mdogo sana, muda wa mtu kujibiwa. Yule mama hakujibu. Angejibuje? Hakujua ameamkiwa.

Zawena alikuwa wa nne. Sekunde sifuri nukta sifuri tatu nyuma ya wa tatu.

Timu iliporudi, Mheshimiwa, aliyekwisha kuitazama kanda ya mbio polepole, alihutubia palepale uwanja wa ndege. "Tumeshindwa mbio, hatukushindwa adabu! Dunia nzima imeona!" Akatangaza kwamba Kanuni itatafsiriwa katika lugha sita na kupelekwa kwa mataifa, ili nao waanze kuitikia.

Zawena alikaa kwenye mkeka wangu, akavua viatu.

"Bibi, sikukusudia. Lilitoka lenyewe."

"Nilikuona."

"Yule mama alinifuata baadaye akaniuliza nilimwambia nini. Nikamweleza kwa mikono. Akajifunza kuitikia, akaniitikia vizuri kabisa. Ila mbio zilikuwa zimekwisha."

Mimi ndiye niliyemfundisha lile neno, akiwa bado hajui kutembea. Nilimshika mkono, nikauweka kichwani kwangu, nikamwambia sema. Na sijuti. Ila nilichoka, jamani, nilichoka.

Asubuhi yake nikabeba kigoda mpaka nyuma ya kiwanda cha pamba. Nikaketi mwisho wa barabara, yeye kule mwanzo. Dafrosa alikuja akasimama kati yetu, hatua nne mbele ya Zawena, na kitambaa gotini, ili apatikane mkubwa wa kupitwa. Kabla sijapuliza filimbi nikapaza sauti:

"Marahaba!"

"Sijaamkia, Bibi!" akajibu kwa mbali.

"Nimekutangulizia! Hiyo ni ya akiba, ya wakubwa wote utakaowapita. Wasipoitikia, nimeshaitikia mimi. Kimbia!"

Miaka minne si mingi kwa mtu aliyezoea kungoja. Kila asubuhi namwitikia kabla hajasema. Wiki ya kwanza alipomfikia Dafrosa alisimama kabisa. Wiki ya pili aligeuza kichwa.

Leo aligeuza jicho tu.